Prosesa Tatu na Video ya Kupamba

Jumatatu, 4 Agosti

Toka Bombolulu mpaka Mikindani hakuna kijana anayeijua kompyuta kunishinda mimi Swaleh. Nikiishika tu, inashika adabu. Shule niliiacha kidato cha pili. Hasara wamepata wao.

Leo nimeisukuma prosesa yangu, ule ubongo wa kompyuta, ipite kasi iliyotoka nayo kiwandani. Kipimo ni kuipa filamu fupi ya majaribio iitengeneze, ile ile kila mara, nione inaimaliza kwa muda gani. Zamani dakika kumi na nne. Leo kumi na moja! Feni inalia kama mbuzi wa Idi. Ilie tu.

Jumanne, 5 Agosti

Kalume, rafiki yangu wa Mikindani, kaleta kompyuta yake. Kaisukuma hapa hapa mbele yangu. Dakika tisa. Tena kimya.

"Hiyo yako, yakhe, ipeleke ikakaange bajia."

Nimekasirika. Chai sikumpa.

Dawa yake ipo. Kompyuta ya dadangu Mwanaidi ndiyo simba wa nyumba hii. Kazi ya dada ni kupiga na kuhariri video za kupamba, ile sherehe ya kumwonyesha bi harusi aliyepambwa. Wanawake watupu mle, mwanamume hata kuchungulia haruhusiwi. Mashine yenyewe hataki iguswe.

Jumatano, 6 Agosti

Mwanaidi kaenda Likoni kwa shangazi, atalala huko. Nimeigusa.

Nimeitia filamu yangu ya majaribio. Bila kuongeza kasi, dakika sita. Nikaongeza kidogo: tano na nusu. Nikampelekea Kalume picha. Nikaongeza tena. Joto likapanda, nambari zikawa nyekundu. Mara harufu ya plastiki inayoungua. Nikang'oa waya ukutani.

Kuiwasha, inakagua diski. Inasema kuna faili imeharibika. Ya Rabi. Humo mna video ya bi harusi wa Mjambere, ya kukabidhiwa Jumamosi. Kadi za kamera dada ameshazifuta.

Ukaguzi umekwisha. Video ipo. Nzima au mbovu, sijui. Siwezi kuifungua, mabinti wa watu wamo bila mabuibui. Kidole kilikuwa juu ya kipanya. Nimekiondoa.

Chakula hakishuki.

Alhamisi, 7 Agosti

Kasi nimeirudisha ya zamani. Mwanaidi karudi mchana. Hata buibui hajavua nikamwambia: nimeichezea mashine yako, hebu itazame video.

"Swaleh, ikiwa imekufa, utakwenda wewe kumpamba upya bi harusi."

Kanitoa, kafunga mlango. Nimekaa barazani. Ngoma ikaanza kusikika ndani, kisha vigelegele. Vikaendelea. Kila vikinyamaza, na mimi roho inanyamaza. Kaitazama yote mpaka mwisho.

"Nzima. Mshukuru Mungu, usinishukuru mimi."

Alhamdulillahi! Iliyoharibika ni filamu yangu ya majaribio tu. Nimekula sahani mbili za wali wa nazi. Mwanaidi kanikodolea macho. Akodoe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoka msikitini. Kalume kauliza mbona niliishia dakika tano na nusu. Nimemwambia prosesa ilifika mwisho wake, ikajizima.

Jirani yetu Mama Kadzo alikuwa uani analalamika. Juzi aliusahau mwiko wake wa plastiki juu ya jiko, ukayeyuka wote.

Yaani ile harufu ni ya mwiko, prosesa haikuungua. Ilikuwa bado inakwenda, wallahi, ingemaliza. Haikujizima. Niliogopa.