Mutua, Nguzo Zako Zinang'oka Jumapili

Mutua,

Sikuulizi hali. Yako naijua, na yangu utaisikia sasa hivi, upende usipende.

Nimekukasirikia. Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini aliyeweka sheria hiyo hakuwa na ndugu kama wewe. Mjomba Nzioka amesema lazima uambiwe kabla nguzo zako hazijaguswa, maana kwetu mpaka wa mtu hauhamishwi nyuma ya mgongo wake, hata akiwa ametangulia. Zamani ungemwagiwa pombe pale kwenye nguzo na kuambiwa kwa mdomo. Lakini Mumbua, mke wako, ameokoka, na amekataa pombe isimwagwe kwake hata tone. Basi Mjomba akaamua niandike, na Jumapili baada ya kanisa barua isomwe palepale mbele ya watu wote wa nyumbani. Ndiyo maana nakuandikia. Usidhani ni mapenzi.

Tangu uende, mambo ni haya. Lori la ng'ombe liliniangusha kwenye barabara ya Namanga nikitoka sokoni. Mguu wa kulia ukavunjika juu ya goti na chini yake. Nililala hospitali mpaka nikayajua majina ya watoto wa manesi. Nikarudi Noonkopir na kiti cha magurudumu nilichoazimwa na kanisa, kinachovuta kushoto kama punda mkaidi. Daktari alisema kiti ni cha muda tu, nitatembea, mradi niwe naenda Kajiado kila wiki nikunjwe hilo goti. "Ukikaa nyumbani litakauka hivyo hivyo," aliniambia, na hakuwa anatania.

Sasa nikueleze huu mtaa uliokuwa ukiusifu kwa wageni. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unashika magurudumu mpaka unadhani kiti kimevaa gambuti. Jua likiwaka, udongo huohuo unapasuka na kumeza gurudumu la mbele. Karibu na posho mill wamechimba mtaro, wakaweka ubao mmoja juu yake, wakaenda zao. Na watu, Mutua! Mtu hanijui, ananishika kiti kwa nyuma na kuanza kunisukuma, haniulizi naenda wapi. Juzi mmoja alinifikisha stendi na jasho lote lile, akingoja nimwambie asante, na mimi nilikuwa naenda kununua maziwa. Hotelini msichana wa chai anamuuliza mwanangu Kioko, "Huyu anakunywa na sukari?" Huyu! Mguu ndio ulivunjika, si masikio. Ni Mama Naserian wa maziwa peke yake anayesimama mbele yangu, ananipa "Supa" yake, salamu ya Kimaasai, anangoja niitikie, ndipo anauliza, "Nikusukume ama uko sawa?" Hao wengine nimemwachia Mungu, na sijamwomba awahurumie.

Lakini mtaa nauweza. Nimekwama, nimetukana, nimefika. Kinachonishinda ni kutoka kwangu, na hapo ndipo unapoingia wewe.

Baba aligawa ile ploti akiwa na akili zake timamu. Wewe mbele, kando ya barabara, mimi nyuma, na kati ya seng'enge yako na ukuta wa jirani akaniachia njia ya mkokoteni wa punda. Wewe hukupenda, ila hukuthubutu kumwambia. Ulingoja azikwe. Ndipo ukaanza kusema mwanamke aliyerudi kutoka kwa bwana anapewaje njia kubwa kama ya chifu. Baada ya ile mvua ya El Nino ukasogeza nguzo ili wapangaji wako wapate pa kuanika nguo. Nilipokuja kukuuliza ulicheka. "Kwani unapita na nini, Ndanu? Si miguu tu?" Ikabaki nafasi ya mtu mmoja na kuku wake.

Hata kifo chako hakikutufundisha. Presha ilipokuchukua, ua wako ulikuwa umejaa vyumba vya kukodisha, kwa hivyo matanga yakafanyika kwangu. Asubuhi ya kukupeleka Ukambani walitaka uombewe kwangu kwanza. Waliobeba jeneza hawakuweza kupita wawili wawili, wakakuinua juu, wengine huku na wengine ng'ambo ya seng'enge, na koti la Mjomba likachanika mfuko. Mimi nilikuangalia ukipitishwa hewani nikasema moyoni, sasa ameona mwenyewe.

Kiti changu kinapita hapo, usije ukasema nakusingizia. Kiti kinapita, mikono ndiyo haipiti. Nikishika magurudumu nijisukume, huku ukuta unanichuna ngozi, huku seng'enge inanichana. Vidole vyangu vina makovu yako. Kwa hivyo inabidi niikunje mikono mapajani kama bibi harusi, ningoje mtu wa kunisukuma. Na mtu ni nani? Kioko yuko shule ya bweni. Wapangaji wako huwahi kiwandani kabla ya jua. Nimewahi kukaa mlangoni nimevaa nguo ya kwenda Kajiado, nimejipaka mafuta, nikisikia magari yakiita abiria kule barabarani, mpaka yakaacha kuita. Si mara moja. Nilipofika hospitali mwishowe, daktari alilishika goti akalikunja, likagoma. Kisha akasema nikikosa tena, nisimlaumu mtu. Nikamwambia mtu wa kulaumu ninaye, ila amekufa.

Nilimwendea Mumbua. Nilimwomba seng'enge irudi pale alipoiweka Baba, basi. Akasema, "Mama Kioko, hiyo kitu alivuta na mikono yake. Mkitoa, mimi nitabaki na gani yake?" Nikamjibu, "Utabaki na kodi." Akalia. Sikumbembeleza, nilikuwa nimechoka kubembeleza watu wenye miguu miwili. Lakini Mjomba alipokuja, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Sawa, irudi. Lakini aambiwe kwanza, asione tumemruka." Mke wako ni mtu mzuri kuliko wewe. Nilikuambia siku ya harusi na narudia.

Na sasa nitasema lile ambalo sikupanga kulisema mbele ya Mumbua na watoto.

Nilikubeba mgongoni ukiwa mdogo, na hata huko mgongoni ulikuwa ukibishana nami njia ya kupita, huku ni karibu, kule ni mbali. Ulipokuwa mkubwa na kuifinya hiyo njia, ulikuwa ukiipita wewe mwenyewe kila jioni, umeinua sufuria ya muthokoi wa Mumbua, mahindi na maharagwe, juu ya kichwa isigonge ukuta, unakuja kula kwangu nikutilie chumvi, eti wake hauna. Tulikuwa tunakula tukigombana. Nilikuwa nakuambia rudisha nguzo, na wewe unaniambia ongeza supu. Kila jioni nilijua kesho nitakushinda. Halafu ukaenda ukafa kabla sijakushinda. Hilo ndilo siwezi kukusamehe, Mutua. Nilitaka uzing'oe kwa mikono yako, ukinung'unika, ukisema umefanya hivyo kwa sababu umechoka na mdomo wangu. Sikutaka kuipata njia hii kwa mtu asiyenijibu.

Basi umeambiwa. Jumapili Mjomba ataisoma barua hii na vijana watachimba. Nakuahidi seng'enge itarudi alipoiweka Baba, haitazidi hata unene wa kidole, na wapangaji watabaki na kamba yao ya nguo. Jumatatu nitajitoa mwenyewe kwenda Kajiado. Goti likipona nitapita kwa miguu, lakini nguzo hazisogei tena.

Lala salama, ndugu yangu. Na kama una neno, huu ndio wakati wake. Inuka uje uniambie usoni. Nikuone tu umesimama pale ukibishana nami, na njia yote nitakuachia.

Dada yako,
Ndanu