Mbuzi wa Msamaha Sitampeleka Nunguni

Bweni la Wanafunzi Wakunga,
S.L.P. 31,
Kitui.

17 Februari 1974

Mpendwa kaka Muthama,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kitui, tena salamu za moto, maana jua la mwezi huu halina huruma na mtu. Je, u mzima? Kile kikohozi cha baridi ya Nakuru kimekuachilia? Mimi sijambo, nakula, nalala, nasoma. Mama pia hajambo. Nilimwona alipokuja hapa kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, na goti lake sasa linamruhusu kupanda mlima bila kulalamika. Mkeo Mutindi ni mzima na tumbo lake ni zima. Kwa Mutindi nitarudi baadaye, tena nitarudi vizuri.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikaenda kufua nguo ili nisikujibu kwa hasira. Nguo zimekauka lakini hasira bado mbichi, kwa hiyo nisamehe kaka, nakujibu hivyo hivyo.

Unaniambia niache shule ya ukunga kabla ya mtihani wa Juni. Unaniambia nichukue mbuzi, niandamane na mjomba Mulei, twende Nunguni kwa kina Nzioka mchumba wangu tukaombe msamaha, kwa sababu nimemwona mama yake uchi. Nisipofanya hivyo posa imevunjika na jina la nyumba yetu limechafuka. Nimekusikia. Jibu langu ni hapana. Shule siachi, na huyo mbuzi simpeleki mahali.

Habari hii wewe uliipata kwa shangazi yake Nzioka, yule Kasyoka, ambaye hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Na kabla hujasoma mengine, ujue kwamba jambo la kwanza tulilofundishwa hapa, hata kabla ya kuonyeshwa yule mwanasesere wa kitambaa na mifupa ya nyonga ya kujifunzia, ni kufunga mdomo. Ya chumba cha kuzalia hubaki humo. Nitakayokuandikia ni yale tu ambayo mama yake Nzioka ameyasimulia mwenyewe kwa akina mama wenzake wa kanisa, akicheka mpaka machozi. Zaidi ya hapo hupati neno kwangu, hata uje na kiboko.

Ni hivi. Desemba tulitawanywa kwenda kujifunza kazi vijijini, na mimi nikapelekwa kituo cha afya huko milimani, karibu na Nunguni. Baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno. Nilidhani nitafurahi kuwa karibu na kwao mchumba. Lo! Sista Kalunde, aliyekuwa akitufundisha, hana habari na wachumba wa mtu. Alinisugulisha mikono kwa brashi mpaka nikadhani anatafuta mifupa. Alinifunga macho kwa kitambaa, akaniambia nipapase tumbo la mama nimwambie kichwa cha mtoto kiko wapi, mgongo uko wapi, matako yako wapi. Nikikosea ananirudisha mwanzo, na yule mama naye ananicheka, ati leo mtoto wake amepata vichwa viwili.

Kuna tarumbeta ndogo ya mbao, upande mmoja unaweka tumboni, upande mwingine sikioni. Siku ya kwanza nilitangaza kwamba nimesikia moyo wa mtoto, kumbe ni tumbo la mama linadai chakula. Sasa moyo huo nausikia hata siku ya soko. Nimejifunza kuligeuza kondo la nyuma kwenye sinia na kulikagua kila pembe, kwa sababu kipande kidogo kikibaki ndani, mama atatoka damu mpaka aishe. Na kila asubuhi Sista Kalunde alikuwa na neno lake moja, alilisema kabla hata hatujanywa chai: mwanafunzi hachagui mama. Anayekuja ndiye wako.

Basi mchana mmoja wa siku ya soko, Sista alikuwa ameondoka na Land Rover kumpeleka mama mwingine hospitali kubwa. Nilibaki mimi na Syokau, yule anayepika uji na kuchemsha vyombo. Wanawake wawili wakamwingiza mama mmoja aliyejifunika shuka mpaka usoni. Mimba hiyo alikuwa ameificha miezi yote, kwa sababu kifungua mimba wake anakaribia kuoa, na aliona aibu kulea mtoto mchanga wakati mke wa mwanawe naye analea. Shuka ikatoka. Tukatazamana. Huyo mke wa mwanawe ndiye mimi.

Nthoni yetu Wakamba, ile aibu ya mtu na mkwe wake, unaijua, kaka, siwezi kukufundisha. Mkwe unamheshimu hata jina lake hulitaji hovyo, sembuse kuutazama mwili wake! Mama yake Nzioka akageukia ukuta, akasema kwa Kikamba nimwitie mwingine. Hakukuwa na mwingine aliyefundishwa. Usifikiri mimi sina aibu, Muthama. Masikio yaliniwaka. Lakini mtoto hakuwa na habari na aibu zetu, alikuwa njiani anakuja.

Hapo nikafanya jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilivaa kofia, nikajifunga kitambaa cha mdomo, nikamsemesha kwa Kiswahili. Kwa Kikamba mimi ni Ndinda, ninayeposwa na mwanawe. Kwa Kiswahili mimi ni mwanafunzi na yeye ni mama aliyekuja kujifungua, watu wawili wasiojuana. Nikamwambia, "Mama, lala upande huu." Akajivutia shuka. Nikadhani nimeharibu. Kisha akanijibu, kwa kile Kiswahili chake cha kununulia chumvi dukani, "Sawa, sista."

Aliniita sista! Nikajua tumeelewana.

Tukaendelea hivyo, Wakamba wawili tukikivunja Kiswahili vipande vipande ili aibu isitupate. Nikisema sukuma, anasukuma. Kichwa kikatoka, nikapitisha kidole shingoni mwa mtoto nilivyofundishwa, nikakuta kamba ya kitovu imemzunguka. Wakati huo mama hatakiwi kusukuma hata kidogo mpaka kitovu kitolewe. Nikamwambia, "Usisukume, mama!" Ole wangu! Yeye alichosikia humo ndani ni ile sukuma anayoijua, akasukuma kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. "Usisukume!" Ndio kwanza anaongeza. Jasho likanitoka na baridi yote ile. Nikapiga kelele, "Hapana sukuma! Hapana sukuma, mama!" Akaacha papo hapo, akahema.

Mwalimu wetu wa Kiswahili pale kwetu Migwani angenichapa kwa sarufi hiyo. Acha anichape. Kitovu nilikilegeza, nikakivusha juu ya kichwa, mtoto akatoka. Alikuwa wa buluu, kimya. Nikamfuta mdomo, nikamsugua mgongo kwa taulo, nikamsugua tena, na Syokau pale mlangoni anaomba kwa sauti na birika mkononi. Akalia. Haki ya Mungu, Muthama, sijawahi kusikia kelele tamu namna hiyo.

Nikasema, "Ni msichana, mama." Mama yake Nzioka akageuka, akanyoosha mikono, na kwa mara ya kwanza tangu autazame ule ukuta akarudi kwa Kikamba. Akasema, "Mwiitu wakwa." Binti yangu. Mtoto alikuwa mikononi mwangu na yeye macho yake yalikuwa usoni kwangu. Mpaka leo sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Sista Kalunde aliporudi alimkuta anakunywa uji. Akaligeuza kondo kwenye sinia, akasema, "Limetimia." Kwa Sista Kalunde hiyo ni sherehe na nyimbo juu.

Sasa wewe niambie, hapo nimwombe nani msamaha? Mtoto, kwa kumtoa kamba shingoni? Mama yake, ambaye anawachekesha wenzake kanisani na hiyo "hapana sukuma"? Hadithi hiyo ndiyo shangazi Kasyoka aliidaka, akaenda nayo kwa wazee ikiwa imevikwa nguo nyingine. Sasa wazee wanasema ningekaa nje. Ningekaa nje nikifanya nini? Nichambue maharagwe?

Nzioka mwenyewe alikuja hapa Jumamosi. Alikaa kwenye benchi la wageni akaizungusha kofia yake mikononi, akasema wazee wamesema. Nikamwuliza, na mama yako amesema nini? Akasema mama hajaulizwa. Nikamwambia aende akamwulize, akishapata jibu ndipo arudi tuongee. Sitakuficha, nampenda Nzioka, na alipoondoka niliingia chumbani nikalia sana. Lakini nililia nimevaa sare yangu, na sikuivua.

Haya, nirudi kwa Mutindi.

Kaka, hivi uliisoma barua yako kabla ya kuifunga? Upande wa mbele unaniambia kazi hii ni ya aibu, niiache mara moja. Upande wa nyuma unaniandikia, kwa mkono huo huo, kwamba Mutindi atajifungua mwezi wa nne, tafadhali niombe ruhusa niende Migwani nimwangalie, "maana wewe unayajua mambo hayo." Nayajua kutoka wapi, Muthama? Niliyaota? Na Mutindi ni nani kwangu kama si mkwe? Au aibu inakaa Nunguni peke yake, Migwani haina nauli ya kufika?

Mimi mtoto wenu wa kwanza sijamsahau. Wewe ulikuwa kazini, habari ukaipata mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa nje ya nyumba, nimefukuzwa pamoja na wasichana wenzangu kwa kuwa hatujazaa. Nilimsikia Mutindi akiita mpaka sauti ikaisha. Mtoto alitoka na kitovu kimemkaza shingoni, hakulia kamwe, na mle ndani hakuna aliyekuwa amefundishwa kupitisha kidole pale. Siwalaumu wale akina mama. Walifanya walichokijua, na walilia kuliko sisi. Lakini siku hiyo, nikiwa nimesimama pale uani, niliamua kwamba mimi sitasimama nje tena. Ndiyo maana niko hapa. Hujawahi kuniuliza, basi leo nimekuambia. Na kidole nilichopitisha kule Nunguni, moyoni nilikuwa namtafuta mtoto wenu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtihani wa Juni nitaufanya, na nitaupita. Mwezi wa nne nimekwisha kupewa ruhusa, nitakuwa Migwani kabla ya siku zake. Nimempapasa Mutindi mwenyewe alipokuja hapa na Mama, kichwa cha mtoto kiko chini mahali pake na moyo unapiga vizuri, lakini nimemwambia asikie uchungu tu, twende kituo cha afya, tusingoje. Wewe kazi yako ni kuchagua neno moja. Kama kazi yangu ni aibu, niandikie wazi kwamba nisimguse mke wako. Kama si aibu, mwandikie mjomba Mulei amrudishe huyo mbuzi zizini, anone. Nitamhitaji siku mtoto wenu atakapopewa jina.

Na ukiniandikia nisimguse, nitamgusa tu.

Msalimie sana Jonah mnayekaa naye, na mkewe Kaluki, mwambie ile sweta aliyonifumia ndiyo iliyoniokoa kule milimani. Mama anakusalimu, anasema uvae vizuri na usikose kanisa. Mutindi anakusalimu kuliko wote. Anasema mtoto anapiga teke kila akisikia wimbo wa Kikamba redioni, na kwamba analala vizuri tangu alipojua nakuja. Hilo la mwisho alinisihi nisikuandikie. Nimekuandikia.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, akulainishe na huo moyo wako, maana najua ni mwema, ni kwamba umeukopesha kwa watu wa Nunguni.

Saa ya Mutindi ikifika, sitavaa kitambaa cha kunificha uso, wala sitamtafutia Kiswahili. Nitaingia nikiwa Ndinda, wifi yake, na kila neno nitamwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya kufika mpaka pale nje niliposimama siku ile.

Wako akupendaye hata ukinuna,
dada yako,
Ndinda,
mwanafunzi mkunga, mwaka wa mwisho.