Kidole Kilichojibu

Jumatatu, 3 Juni
Sijawahi kumwambia mtu hili: nikisimama kusoma darasani, koo linajifunga. Wote husema ni haya. Si haya. Ni hofu, kama kuna mtu nyuma ya mlango – na mlango wenyewe uko ndani yangu. Mtihani wa kusoma kwa sauti ni wiki ijayo. Mamdogo amenitafutia tabibu wa hipnosisi, anayetibu kwa kuituliza akili.

Alhamisi, 6 Juni
Njiani mamdogo alitania: akikuambia uwike kama jogoo, tunaondoka.

Chumba kidogo. Kiti, pazia, feni inayolia. Si usingizi, tabibu alisema, utasikia kila kitu. Akili ya juu itapumzika ili ile ya chini ijibu. Nayo haijibu kwa mdomo. Kidole cha shahada kikiinuka ni ndiyo, gumba ni hapana. "Usikiinue wewe. Kiache."

Akauliza: hofu ilianzia shuleni? Gumba. Nyumbani? Kidole cha shahada kikatetemeka, kikapanda polepole, kama cha mtu mwingine. Kulikuwa na mtu nawe? Kikapanda tena.

Ndipo nikamwona bibi kitandani, nami wa miaka saba, kitabu mapajani. Nikamweleza tabibu: nilisoma mpaka mwisho wa sura, nikamuuliza bibi kama niendelee. Hakujibu tena.

"Unaamini ukisoma, anayekusikiliza atakufa?"

Nilikikandamiza kidole cha shahada kwa mkono wa pili. Kikasukuma.

Ijumaa, 7 Juni
Upuuzi. Bibi alikuwa mgonjwa, najua. Lakini tabibu alisema akili ya chini haishindwi kwa hoja. Huonyeshwa kwa vitendo. Ionyeshwe kwa kumsomea nani, sasa?

Jumapili, 9 Juni
Babu ametoka hospitali, katolewa mtoto wa jicho. Macho yote yana bandeji. Akaniita: mjukuu wangu, nisomee gazeti, nijue dunia imefika wapi bila mimi. Nikasema nina mafua. Akasema mafua ni ya pua, kwani unasomea pua?

Jikoni mamdogo aliacha kuosha vyombo. Kidole changu cha shahada kilikuwa kinapanda chenyewe kwenye ukingo wa gazeti.

Nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Nikamshika kifundo cha mkono, pale mshipa unapopiga. Nikasoma mstari wa kwanza. Unapiga. Wa pili. Unapiga. Babu akaguna, akacheka kwenye mstari mmoja. Kisha kichwa kikainama.

Sikuacha. Nilisoma habari yote mpaka mwisho, sauti ikikwaruza. Sijamuuliza kama niendelee. Naandika haya kwa mkono wa kulia. Wa kushoto sijauondoa kwenye mshipa. Unapiga.