Vidole vya Mama na Teksi ya Ambrosi

Katumba,
14 Juni 2024.

Kaka yangu Telesfori,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Natumaini zinakukuta mzima huko Ikola, wewe na wifi Rosine na watoto, na kwamba dagaa wanakauka vizuri kwa jua hili. Sisi tunaendelea. Jicho la mama limefunguka. Jana alichambua maharage mwenyewe na kutoa mawe mawili ambayo mimi sikuyaona. Vidole ndiyo bado. Cha kati kucha imetoka.

Barua hii nimempa Dafrosa anayekuja huko kununua dagaa. Kwenye simu nisingeweza, maana wewe huuliza swali kabla mtu hajamaliza, na mimi nikiulizwa huanza kujitetea. Naomba uisome mpaka mwisho.

Unakumbuka siku niliyompeleka mama Tabora kwa daktari wa macho, teksi ya hapa hadi stendi ya Mpanda ilitutoza elfu sitini. Nilikuwa nimeshapatana na dereva yule kwa elfu thelathini. Mama akamsalimia, akamuuliza kama “amerara” vizuri, kwa lafudhi yake ya Kirundi. Dereva akacheka, akasema alidhani sisi ni wenyeji, kumbe ni wakimbizi, na wakimbizi wana bei yao. Nilimwambia kwamba mama ana uraia miaka mingi na mimi nimezaliwa hapahapa. Akasema basi tushuke. Basi la Tabora lilikuwa linakaribia kuondoka, nikalipa.

Wiki moja baadaye tulirudi. Daktari alikuwa amekataza vumbi na mtikisiko, kwa hiyo bodaboda haikufaa. Tuliposhuka stendi nikampata dereva mwingine, mtu mzima, anaitwa Ambrosi. Alitaja elfu thelathini bila kuvutana. Alimshika mama mkono, akamkalisha kiti cha nyuma, akanionyesha jinsi ya kukunja kitenge kichwani mwake ili vumbi lisiingie kwenye bandeji ya jicho.

Tulikuwa tumeshauacha mji nyuma nilipoona damu kwenye kitenge cha mama. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimebanwa na mlango tulipokuwa tunaondoka. Ambrosi aligeuza gari palepale, akatupeleka zahanati, akasubiri mpaka mama akafungwa vidonda, ndipo akatuleta nyumbani.

Wewe nilikupigia jioni ile, nikakwambia kwamba dereva alibamiza mlango bila kuangalia, halafu akatudai elfu sitini. Ukaniomba namba za gari, nikakupa. Ukampigia mwenyekiti wa madereva pale stendi, na Ambrosi akakatazwa kuegesha.

Kaka, aliyefunga mlango ni mimi. Aliyetoza elfu sitini ni yule wa kwanza, na wa kwanza sikuwa na namba zake. Ambrosi alichukua elfu thelathini tulizopatana, hata mafuta ya kurudi zahanati hakudai.

Bado hilo si lote. Nadhani unajiuliza, kama mimi nilivyojiuliza, kwa nini mama hakupiga kelele. Kwenye basi, tukikaribia Mpanda, nilimwambia asifungue mdomo mbele ya dereva mpaka tufike nyumbani. Nilimwambia ulimi wake ndio unaotupandishia bei. Ambrosi alipomsalimia naye asiitikie, nilisema mama yangu ni bubu tangu utoto. Ambrosi akampa pole kwa ishara. Mama alikuwa anasikia yote.

Pale zahanati, nesi alipomaliza, mama alimshika Ambrosi mkono kwa ule wake mzima, akamwambia, "Asante mwanangu. Mungu akurinde." Ambrosi alinitazama mimi. Nilingoja atukane au adai nyongeza. Alisema tu, "Twendeni, jua linakuwa kali," akamfungulia mama mlango.

Usiku nilimuuliza mama kwa nini alinyamaza na maumivu yale. Alinijibu kwa Kirundi, taratibu, kama anavyotujibu tangu tukiwa wadogo. Alisema, "Ulishamwambia mtu yule kwamba mimi ni bubu. Ningelia, angejua kuwa mwanangu ni mwongo. Lakini mtu aliyetugeuzia gari nisingeweza kumnyima asante."

Habari za Ambrosi kuondolewa zililetwa hapa na Dafrosa mwenyewe. Mama akaniuliza kama nazijua. Nilisema sizijui. Siku tatu nilikaa hivyo. Jumatatu nilikwenda stendi, nikamweleza mwenyekiti mbele ya madereva wote, kama nilivyokueleza wewe, na la ububu pia. Walinisema vya kutosha. Mwenyekiti akamrudisha kazini siku hiyohiyo. Nilimwomba Ambrosi msamaha. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza jicho la bibi linaendeleaje, kisha akaenda kupokea abiria.

Wewe ulimwita mwizi kwa simu yako kwa sababu yangu, na hilo siwezi kulirekebisha mimi. Namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mama anakusalimu sana. Nilimuuliza niandike nini kutoka kwake, akasema atazungumza na wewe mwenyewe ukija. Wasalimie wifi na watoto. Mungu awatunze.

Mimi dada yako,
Ernestine