Aliyekalia Kiti Chako

Baba watoto,

Unisamehe kwa kukaa kimya. Homa ya mdogo ilinimaliza. Sasa hajambo.

Dada yake amenogewa na ule mchezo wa mtandaoni mnaocheza Jumamosi, wewe huko na yeye hapa, gari likikimbia kadiri unavyochapa maneno haraka. Siku hizi hata haangalii kibodi. Mwalimu amemsifu mbele ya darasa.

Ila Jumamosi iliyopita gari lako lilitutimulia vumbi. Mtoto akaruka: "Mama, baba amejua kuchapa!" Nikacheka naye. Lakini mume wangu namjua, hudonoa kibodi kwa kidole kimoja kama kuku. Halafu karibu na mwisho gari likapunguza mwendo, mtoto akashinda. Wewe hujawahi kumwachia mtu ushindi, hata mimi kwenye karata.

Kumbe huyo aliyechapa badala yako ana huruma na mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mtoto sijamwambia kitu. Naomba ututumie viatu vya mkubwa, sweta ya mdogo, sindano za cherehani, na jina la aliyekalia kiti chako.

Ni mimi, mkeo bado.