Sindano ya kisigino

Mwenzangu, nimechomwa ile sindano ya kisigino kwenye mguu usiouma.

Nililala kifudifudi, daktari akasema nipe mguu. Nilivyoiona ile sindano, nikampa huo mzima. Sijui nilitumwa na nani.

Akabonyeza, akauliza hapa panauma? Nikasema sana. Mimi, kwa mdomo wangu, nikasema sana. Ningemwambiaje na ameshapaka spiriti?

Ule unaoniliza kila nikishuka kitandani haujaguswa. Na sindano nyingine mpaka miezi ipite.

Mume wangu huko nje furaha tupu, keshawaambia wateja wangu kesho nasimama kusuka kama kawaida.

Sasa ganzi inaisha, huu nao unawaka moto. Daktari kasema nisiukanyagie, uzito wote niutupie mguu mwingine.

Mwingine upi, mwenzangu?