Mbwa Aliyekataa Kukemewa

Dada Rehema,

Salamu kutoka Toronto, ambako baridi inauma na mbwa ana koti zuri kuliko langu. Huyu wa mwanangu Neema, mwenye kisukari, ni mheshimiwa. Anapanda basi, anaingia kanisani, na kazi yake ni kunusa jasho la Neema. Akitambua sukari imeshuka, analipwa kuku. Mimi nimeletwa kuosha vyombo.

Jumapili, katikati ya maombi, mbwa akaanza kumkwaruza Neema magoti. Nikajua ni pepo, nikamkemea kwa jina la Yesu. Akanitazama, akaendelea. Neema akajipima: sukari ilikuwa imeporomoka. Akanywa juisi, na maombi yakaendelea bila mimi.

Nawakumbuka wote. Usimwambie Baba kwamba mbwa analala chumbani mwa Neema. Mwambie tu kwamba kila asubuhi Neema anaamka salama.

Mdogo wako,
Eli